Fundi Pyo na Taa ya Mama Jun-seo

Ukimpelekea Pyo Jong-gu gari ambalo taa yake ya ndani imegoma kuwaka, hakuulizi ni la mwaka gani, wala hakuulizi nani aliligusa kabla yake. Anajifuta mikono kwenye suruali, anakukazia macho kama daktari wa tumbo, halafu anakuuliza: "Siku ilipowaka mara ya mwisho, mlikula nini humo ndani?"

Watu wa mji wa Gimje wameshamzoea. Wageni ndio hubaki wameduwaa. Kuna bwana mmoja wa Seoul alikuja juu kweli, akasema ameleta gari kutengenezwa, hakuja kuhojiwa habari za chakula. Pyo alifunua zulia la nyuma, akachovya kidole, akampelekea bwana yule puani. Mchuzi wa kimchi! Mama mkwe wake alimpakilia ndoo nzima ya kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa, ndoo ikavuja njiani, mchuzi ukatambaa chini ya zulia mpaka kwenye maungio ya nyaya, ukazitafuna zote. Bwana wa watu alikuwa ameshabadilisha fyuzi kumi na moja. Kumi na moja, jamani! Na harufu alikuwa akiisikia kila siku, ila alidhani ni ya soksi zake.

Hiyo ndiyo elimu ya Pyo, na ameisomea miaka thelathini na nne katika gereji ile ile ya umeme wa magari, mkabala na kinu cha mpunga. Gari, husema, halina ugonjwa wake lenyewe, linaugua maisha ya waliomo. Ndiyo maana akishapata ubovu huwa hautupi kwenye pipa. Anauchukua, uwe waya ulioliwa au fyuzi iliyoungua, anamwekea mwenye gari kiganjani, ajionee mwenyewe ni nini kilichokuwa kikimsumbua. Wengine huona ni madaha, lakini hajawahi kuacha.

Msimwone hivi mkadhani alizaliwa na akili hizo. Mwaka aliofungua gereji, kijana ana mkono mwepesi na kichwa kigumu, aliletewa gari jeusi la daktari wa mifugo. Taa ya ndani haiwaki. Pyo akang'oa dashibodi. Akang'oa kitambaa chote cha dari. Akatoa viti akavipanga uani kama watu wanaohama nyumba. Siku mbili nzima! Siku ya pili mchana mkewe Ham Yeong-ja, bi arusi wa miezi minne, akamletea chakula. Kulikuwa na upepo, akaingia ndani ya lile gofu la gari kujikinga, akatazama juu, akanyoosha kijiti cha kulia chakula na kukisukuma kile kitufe kidogo kilicho kwenye taa yenyewe. Taa ikawaka pwaa. Kumbe ilikuwa imezimwa tu.

Yeong-ja alicheka mpaka akamwaga supu. Na tangu siku hiyo, kila Pyo anapoonekana ameinamisha kichwa na kujikuna kisogo, sauti hutoka kwenye mlango wa jikoni, nyuma ya gereji: "Umeangalia swichi?"

Sasa tuje kwenye Ijumaa ile ya Desemba. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na juu ya jiko la mafuta taa, katikati ya gereji, viazi vitamu vilikuwa vikijichoma taratibu ndani ya karatasi ya alumini. Pyo alikuwa akikinyemelea kimoja. Saa saba na nusu hivi mchana kikaingia kibasi cheupe cha viti kumi na viwili, si kipya, lakini kimeoshwa hadi kinang'aa. Akashuka mwanamke wa miaka arobaini na minane, mrefu, macho mekundu. Jina lake ni Na Mal-sun, Na ikiwa jina la ukoo, ingawa mtaani wote humwita Mama Jun-seo, kwa jina la mwanawe. Kwenye kiti cha mbele, upande wa abiria, alibaki amekaa kikongwe mmoja ndani ya koti nene la zambarau, mkoba magotini, wala hakuonyesha dalili ya kushuka. Juu yake, kwenye kioo cha kutazamia nyuma, alining'inia samaki mkavu aliyezungushiwa uzi mweupe, wa kulinda safari.

"Fundi," Mal-sun akaanza hata salamu hakutoa, "mafundi wawili wameshindwa. Wa kwanza kabadilisha globu. Wa pili kabadilisha fyuzi, akasema nyaya zote zing'olewe, nimwachie mpaka wiki ijayo. Mimi wiki ijayo sina. Nina mpaka saa kumi leo."

"Pole pole, Mama Jun-seo. Saa kumi kuna nini?"

Akamweleza. Miaka kumi na moja alimenya vitunguu saumu kwenye ghala la ushirika mpaka vidole vikachubuka, akakusanya fedha, mwezi uliopita akanunua kibasi hiki. Kwenye kadi, jina la mwenye gari ni Na Mal-sun. Ndicho kitu cha kwanza maishani mwake kuandikwa jina hilo, jina ambalo nyumbani kwao hakuna anayelitumia. Alitaka kazi ya kurudisha nyumbani watoto wa chekechea iliyo ng'ambo ya reli, na mwalimu mkuu, Bi Seok, ameshakubali kila kitu isipokuwa kimoja: mlango ukifunguka, taa iwake yenyewe. Wakati huu wa mwaka giza linaingia watoto wangali barabarani, na Bi Seok hataki mtu apapase kutafuta kitufe huku mtoto ana mguu mmoja ngazini. Saa kumi kamili atakikagua, na kikipita kinaanza kazi jioni hiyo hiyo. Taa isipowaka, kazi anapewa mtu wa Iksan ambaye gari lake liko tayari.

"Na baba Jun-seo," akaongeza, "ameshapata mnunuzi. Anasema gari lina nuksi, wiki nzima ni taa, taa. Mnunuzi anakuja kesho asubuhi."

"Si nuksi!" Sauti ilitoka ndani ya kibasi, kali kama ya kengele. Kioo cha abiria kilikuwa wazi upana wa vidole viwili. "Nimeshasema si nuksi. Ni marehemu wetu, wazee wa ukoo, wamekataa."

"Ni mama mkwe wangu," Mal-sun akanong'ona. "Bibi Gong. Ana miaka themanini na mitatu. Tangu Jumanne hali chakula vizuri. Nimemwambia abaki nyumbani, akakataa katakata."

Pyo akamwinamia yule bibi kwa heshima, akavua viatu vyake kama afanyavyo kila anapoingia gari la mtu, akapanda na soksi. Akanyoosha mkono kwenye dari. Kitu cha kwanza, bila shaka, ni kile kitufe cha taa. Akakisukuma mahali pa kuwasha: taa ikawaka, nyeupe, safi, bila hata kupepesa.

Akabaki akiitazama kwa hasira. "Globu nzima, fyuzi nzima, umeme unafika. Hao wenzangu wawili walikuwa wanatafuta nini humu, mayai?"

"Umeangalia swichi?" ikaja sauti kutoka jikoni.

"Nimeangalia! Ni nzima!"

"Nauliza tu, mume wangu."

Bibi Gong akageuza shingo. "Ndiye mkeo huyo?"

"Ndiye, Mama."

"Ana sauti nzuri," bibi akasema, akarudi kutazama mbele.

Pyo akarudisha kitufe mahali pa katikati, pale ambapo taa husubiri mlango uiamshe. Akafungua mlango wa dereva: kimya, giza. Akamwomba bibi radhi, akafungua wa upande wake: giza. Akauvuta ule mkubwa wa pembeni unaoteleza, wa watoto: giza. Basi akamwita Mal-sun amwonyeshe, maana si fundi wa kuficha ujuzi. Kwenye ukingo wa kila mlango kuna kitufe kidogo kama chuchu ya mpira. Mlango ukifungwa, unakibana, taa inalala. Mlango ukifunguka, kinachomoza, taa inaamka. Milango mitatu, vitufe vitatu. Akavigusa kimoja kimoja kwa kidole. Vyote vitatu vilikuwa vimezama ndani, havichomozi. Kibasi kilikuwa kinaamini milango yake imefungwa, hata ikiwa wazi hivi na upepo unapita.

Hapo akakaa juu ya kreti na kujikuna kisogo. Kitufe kimoja kikifa, ni uzee. Viwili, tuseme ni mkosi. Lakini vitatu kwa pamoja? Hapana. Vitu vitatu vinavyokaa mbali mbali haviagani kufa wiki moja. Kuna kitu kimevipata vyote siku moja, na kitu hicho kina mikono.

"Iliwaka mara ya mwisho lini?"

"Jumapili."

"Jumapili hiyo mlikula nini humu?"

Mal-sun akatupa jicho kwenye kile kioo kilicho wazi vidole viwili. "Hatukula kitu."

"Mlifanya nini basi?"

"Tuli... tulikiosha." Na masikio yakamwiva mekundu kama pilipili ya kuanikwa.

Pyo ameshadanganywa na wateja elfu, kwa hiyo hakubishana. Alichukua bisibisi, akafungua skrubu moja ya kitufe cha mlango wa watoto, akakichomoa na kukipeleka mwangani. Kilikuwa kimejaa ukoko mweupe unaoelekea umanjano, kama uji uliokaukia kwenye mwiko, umekigandisha kichwa mpaka shingoni. Akakwangua kidogo kwa ukucha. Akanusa.

Ni miaka tisa hajaonja tone. Daktari alimkataza, na Yeong-ja akamwapisha mbele ya mama yake mzazi. Lakini aliyeapa ni mdomo, pua haikuapa. Ilikuwa pombe ya mchele, na si ya dukani, ni ya nyumbani, iliyochachushwa kwa subira na mtu anayejua kazi. Machozi yalitaka kumtoka kwa utamu wa harufu ile.

Akamtazama yule samaki mkavu na uzi wake mweupe. Aa! Mara moja akaelewa yote. Gari likinunuliwa, huandaliwa meza mbele yake, keki za mchele, samaki, watu wanasujudu, kisha magurudumu yananyweshwa kidogo, moja baada ya jingine, ili safari ziwe salama. Ameyaona magari mia ngapi yakifanyiwa hivyo. Lakini ni magurudumu! Nani humwaga pombe milangoni?

Mal-sun aliiona sura yake. Akamshika mkono wa shati, akamvuta mpaka nyuma ya jiko la mafuta taa.

"Usiseme," akanong'ona. "Nakuomba, Fundi. Ameitengeneza mwenyewe, wiki tatu, usiku anaamka kuukoroga mtungi. Alinywesha magurudumu vizuri tu. Halafu akasema watoto hawakanyagi magurudumu, wanakanyaga hapa. Akamwaga bakuli zima kwenye kizingiti cha kila mlango, kwa nguvu, mpaka ikaruka juu. Akasujudu kwenye baridi ile, na magoti yake yale mabovu. Miaka ishirini na mitano nimo katika nyumba ile. Ni mara ya kwanza kunifanyia kitu mimi. Si mwanawe, mimi. Akijua kwamba ni mkono wake... Sema ni waya. Sema ni panya. Sema chochote."

"Mama Jun-seo, mimi ubovu huwa namwekea mwenye gari mkononi. Watu wananijua hivyo."

"Basi niwekee mimi, niufiche."

"Unanukia mtaa mzima!"

"Afadhali niuze gari, Fundi. Nasema kweli. Afadhali nirudi kwenye vitunguu."

Na alimaanisha, Pyo aliona. Akasimama pale na kile kitufe kwenye vidole, roho imegawanyika pande mbili. Hajawahi kumdanganya mwenye gari. Lakini pia ana mama yake mwenyewe, ana miaka tisini, na anajua jinsi mtu mzima anavyosinyaa akiambiwa ameharibu. Alikuwa angali anajishauri pale Yeong-ja alipotokea na sinia la kahawa, akapita karibu yake, akasimama ghafla. Pua ikacheza.

"Baba Hye-jin," akamwita mumewe, kwa jina la mtoto wao.

"Nini?"

"Nisogelee."

"Mke wangu, si hivyo unavyofikiri."

"Umekunywa!" Sinia likatua juu ya meza kwa kishindo. "Miaka tisa! Mchana kweupe, mbele ya mteja! Unanuka pombe ya mchele kama mtungi! Nani kakupa pombe ya mchele, ee? Nani?"

Jamani, kuna wake wenye sauti, halafu kuna Ham Yeong-ja. Ukelele ule ulifika kinuni ng'ambo ya barabara. Mal-sun aliziba uso kwa viganja. Na mlango wa abiria wa kibasi ukafunguka, taa isiwake, fimbo ikatangulia, kisha kiatu kidogo cha manyoya, kisha Bibi Gong mzima, akaja pole pole mpaka mbele ya Pyo.

"Pombe ya nani?" akauliza.

Kiazi kimoja kililia pssss juu ya jiko.

Bibi akafungua kiganja, akakinyoosha. Kilikuwa kidogo, kimekunjamana. "Nasikia fundi huyu humwekea mtu ugonjwa wa gari mkononi. Haya, weka."

Pyo akamtazama Mal-sun. Mal-sun akatikisa kichwa, midomo imebanwa. Pyo akamtazama bibi, na bibi hakutikisa kitu. Basi akakiweka kile kitufe, taratibu, kama anayemwekea yai.

Bibi Gong akakigeuza. Akakinusa. Akatoa ncha ya ulimi, akaonja ule ukoko, akafikiri.

"Hii ni yangu," akasema.

"Mama," Mal-sun akaanza, "si kosa la mtu, ni mpira wa kitufe ulikuwa umechanika, maji yangeingia hata..."

"Nyamaza kwanza. Fundi, hiki kazi yake nini?"

Pyo akamweleza, sauti ya chini. Kwamba mlango ukifunguka hakina budi kuruka nje, na pombe imekaukia ndani yake, imekishika, hakiruki. Na vyote vitatu ndivyo vilivyo.

"Kimeshikwa."

"Kimeshikwa, Mama."

"Mlangoni."

"Ndiyo, Mama."

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Pyo akajua ndiyo hayo, amemliza mama wa watu, akaanza kutafuta kiti. Kumbe bibi hakuwa analia. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda kikikwamakwama, kilipotoka kilikuwa kikubwa kuliko yeye mwenyewe.

"Wamekuja!" akapiga fimbo sakafuni. "Kumbe wamekuja! Mimi nalia siku tatu wamekataa, kumbe walikuja siku ile ile, wakanywa, wakaketi mlangoni, na mpaka leo hawajaondoka! Mama Jun-seo, baba mkwe wako unamkumbuka? Lini aliwahi kutoka mahali penye pombe kwa hiari yake? Nilikuwa namburuta kwa kola! Ameshikilia hicho kitufe, huyo! Yeye na kaka zake wote!"

Yeong-ja ndiye aliyefuata, akaangua kicheko mpaka akajishikiza mezani. Kisha Pyo. Mal-sun alikuwa wa mwisho, alicheka na kulia kwa wakati mmoja, kamasi zinamtoka hana habari. Furaha ilijaa gereji ile kama mvuke.

"Na ninyi wawili," bibi akawageukia, ghafla mkali, "mlikuwa mnanong'ona nini nyuma ya jiko? Mnanifanya mtoto?"

"Niliogopa utaumia, Mama."

"Niumie na nini? Nimezaa sita, nimezika mume, nimechanwa goti na madaktari. Nitaumizwa na kitufe?" Kisha sauti yake ikashuka. "Kilichoniumiza ni kwamba nilidhani hawakutaki. Niliwabembeleza kila alfajiri. Nikawaambia, miaka ishirini na mitano huyu ananipikia, mnataka nini zaidi?"

Mal-sun alisimama tu na mikono yake mirefu, hajui aiweke wapi.

"Mnasubiri nini?" bibi akapaza sauti. "Saa nane na nusu hiyo! Mnunuzi wa kesho niachieni mimi. Fundi, watoe hao walevi!"

Kazi ikaanza. Yeong-ja akaleta birika la maji moto na mswaki wa zamani. Pyo akachomoa vile vitufe viwili vilivyobaki, vyote vitatu vikalowekwa kwenye bakuli, ukoko ukalainika na gereji nzima ikanukia sikukuu. Akasugua, akafuta kwa spiriti, akapiga msasa shaba iliyofubaa, akapaka grisi. Cha dereva kikaruka. Cha abiria kikaruka. Cha tatu, cha mlango wa watoto, ndicho kilichopokea bakuli lililojaa zaidi, akakibonyeza kidogo tu, springi ikakatika vipande viwili.

"Loo!"

"Nini?" wanawake watatu kwa pamoja.

"Hakuna kitu. Kaeni."

Akaenda kwenye kabati lake la droo arobaini, analoliita makaburini, anamoweka viungo vya magari yaliyokwisha kufa. Droo ya kwanza, hakuna. Ya pili, vikubwa mno. Saa tisa na dakika tano. Ya tano, ya sita. Yeong-ja alimshikia tochi bila neno hata moja la kejeli, jambo lililomtisha Pyo kuliko saa yenyewe. Droo ya kumi na tisa akakuta kitufe cha lori la kabichi lililovunjwa mwaka wa mafuriko. Akakipima: kinaingia. Akakibonyeza: kinaruka kama panzi.

Saa tisa na dakika ishirini na tano akafunga skrubu ya mwisho, akamwomba Yeong-ja ashushe mlango wa bati wa gereji, giza liingie, taa ionekane vizuri. Wakasimama wote kwenye weusi ule wenye wekundu wa jiko.

"Nifungue mimi," akasema Bibi Gong.

Akapapasa kishikio, akauvuta mlango wa pembeni kwa mikono miwili. Mlango ukateleza, na taa ikawaka. Ikamwagika juu ya viti kumi na viwili, juu ya ngazi, juu ya ncha za viatu vya manyoya vya bibi. Pyo amewasha taa za namna hiyo maelfu, na bado aliinua macho kuitazama.

Bibi akafunga. Akafungua. Akafunga, akafungua.

"Mama, betri itakwisha!" Pyo akalalamika.

"Itachajiwa." Akafungua tena. Kisha, bila kugeuka, akaita: "Mal-sun. Njoo uone."

Mal-sun, ambaye katika nyumba ile alikuwa mama wa Jun-seo siku zote, alitazama kushoto na kulia kama kuna mtu mwingine anayeitwa hivyo. Kisha akaja, akasimama kando ya mama mkwe wake, mwanga ukawapiga usoni wote wawili. Yeong-ja alimfinya Pyo kiuno, naye Pyo akajifanya anatafuta bisibisi.

Wakaondoka mbio. Bibi alipopandishwa alimwachia Pyo chupa ya pombe iliyobaki, ya shukrani, na Yeong-ja akaidaka kabla haijagusa mkono wa mumewe.

Baada ya hapo Pyo hakufanya kazi ya maana. Saa kumi ikapiga, ikapita. Alifungua betri ya mtu akaifunga tena. Alikula kiazi, akasahau kukimenya. Kumi na moja kasorobo, hakuna simu. Pengine Bi Seok ameona kasoro nyingine. Pengine kile kitufe cha lori kimekwama. Alienda mlangoni mara nane, na kila mara alirudi akisema ameenda kutazama hali ya hewa.

"Hali ya hewa ni baridi," Yeong-ja akamwambia. "Tangu Novemba."

Saa kumi na moja na nusu jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mashamba yaliyovunwa, na barabara imeingia kijivu. Ndipo kibasi cheupe kilipokuja kutoka upande wa reli, taratibu, kikawasha kiashirio, kikasimama mbele ya kinu cha mpunga, ng'ambo ya gereji. Bibi mmoja alikuwa akisubiri hapo na mwavuli uliokunjwa. Mlango wa pembeni ukateleza.

Taa ikawaka. Ndani kulikuwa na watoto wenye kofia za manjano, wanapigiana kelele, na mwalimu kijana anamshika mmoja mkono. Mtoto akatazama ngazi, akaiona, akaweka mguu wa kwanza, akaweka wa pili, akaruka chini kumkimbilia bibi yake. Kwenye kiti cha mbele alikaa Bibi Gong, mkoba magotini, wima kama ndiye mwalimu mkuu. Kumbe alimwambia Bi Seok kwamba gari hilo haliendi popote siku ya kwanza bila yeye, na Bi Seok alitazama fimbo ile akaona aache.

Mlango wa watoto ukafungwa, ndani kukawa giza tena. Pyo alifikiri wataondoka. Badala yake mlango wa dereva ukafunguka, ingawa hapakuwa na mtu wa kushuka upande huo. Taa ikawaka juu ya kichwa cha Mal-sun. Alikuwa anacheka. Akanyoosha mkono wake kuelekea gereji, akafungua kiganja, akamwonyesha Pyo: hakuna kitu ndani yake, gari halina ugonjwa tena.

Pyo akapunga mkono mpaka bega likamuuma. Kutoka kiti cha abiria walisikia wazi mtu akigomba kwamba baridi inaingia, Mal-sun, funga mlango, watoto watapata mafua.